MRI ya Karibu: Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka



Ubora wa mashine ya MRI hupimwa kwa ukali wa picha zake. Kwetu Simiyu, nadhani kigezo cha kwanza kiwe umbali.

MRI haitumii mionzi kama eksirei. Sumaku yake hupanga chembe za haidrojeni zilizomo katika maji ya mwili, mawimbi ya redio huzitikisa, na ishara zinazotoka humo hugeuzwa na kompyuta kuwa picha. Ndiyo maana huonyesha vizuri ubongo na uti wa mgongo. Lakini mashine nyingi za hospitali kubwa zina sumaku ya tesla 1.5, inayopozwa kwa heliamu ya kimiminika. Zinadai chumba maalumu, umeme wa uhakika na mafundi.

Mgonjwa wa Bariadi mwenye rufaa ya kanda hupelekwa Bugando, Mwanza, hospitali ya Baraza la Maaskofu inayoendeshwa pamoja na Serikali. Tunamshukuru Mungu kwa hospitali hiyo. Ila kabla ya kipimo kuna nauli ya kupitia Lamadi na Magu, malazi, na chakula cha anayemuuguza. Kwa familia inayosubiri pesa ya pamba, hapo ng'ombe anauzwa. Wakiwa bado wanajikusanya, wanakwenda kwa mganga. Si kila mara kwa kukosa imani; mganga yupo jirani.

Mwaka 2022, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, na wenzao wa Leiden, Uholanzi, waliunganisha mashine ndogo ya MRI palepale Mbarara. Nguvu yake ni takriban tesla 0.05, na sumaku zake hazihitaji heliamu. Walilenga watoto wenye vichwa vikubwa kutokana na maji kujaa kwenye ubongo. Picha si kali, lakini maji yanaonekana.

Wengine watauliza: kwa nini maskini apewe hafifu? Ni swali la haki. Mashine ndogo haiondoi Bugando. Inasaidia kujua mapema nani awahishwe huko. Thomas wa Akwino anatufundisha kwamba mtu si roho iliyopanga chumba ndani ya mwili. Ni roho na mwili pamoja. Kichwa cha mtoto kinapongoja kipimo, anayengoja ni mtoto mwenyewe.

Basi majimbo yetu yasomeshe vijana uhandisi wa vifaa tiba, na wataalamu wetu wa Bugando wajifunze kwa wenzao wa Mbarara. Nasi kwenye jumuiya ndogo ndogo tuanze na mfuko wa nauli ya wagonjwa wa rufaa. Msamaria mwema hakuwa tabibu, lakini alimfikisha majeruhi kwenye nyumba ya wageni na kuacha dinari mbili.