Kabla ya Kununua Nyumba Mlimani, Tuutazame Mlima

Ardhi na nyumba zilizo kando ya barabara ya Bigwa kwenda Kisaki, ipitayo Matombo, hazihami tena kwa urithi wa ukoo peke yake. Zinauzwa pia, tena kwa watu ambao bibi zao hawakuzikwa hapa: mtumishi anayekaribia kustaafu, kijana anayefanya biashara ya ndizi na viungo, mjane aliyeuza shamba kwingine ili awe karibu na wanawe. Mara nyingi fedha aliyonayo mnunuzi ni kiinua mgongo au akiba ya maisha yote. Naye huuliza kwa bidii maswali mawili: bei ni kiasi gani, na karatasi za mauziano zikoje. Swali la tatu, kama nyumba hii itasimama masika ijayo, huulizwa kwa kuchelewa, pengine siku ambayo majirani wamekuja kuokoa vyombo.

Taifa letu limepata mafunzo ya uchungu katika jambo hili. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilibomoa maelfu ya nyumba mkoani Kagera. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20. Lakini kwa sisi tunaoishi chini ya Uluguru, fundisho lililo karibu zaidi ni la Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, maporomoko ya tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Tope lile halikuchagua kati ya nyumba ya saruji na nyumba ya udongo. Kilichoamua ni mahali nyumba ilipokuwa imesimama.

Wala si Hanang tu. Tarehe 23 Februari 1970, upande wa magharibi wa milima yetu, huko Mgeta, ilinyesha mvua ya takribani milimita 100 kwa muda usiofika saa tatu. Wataalamu waliochunguza eneo hilo walihesabu maporomoko ya udongo zaidi ya elfu moja. Karibu yote yalitokea kwenye mashamba na kwenye miteremko ya majani. Penye miti yalikuwa machache mno. Mizizi hushika udongo ambao jembe huulegeza. Tangu wakati huo watu wameongezeka, mashamba yamepanda juu zaidi, na barabara zimekata miguu ya vilima. Kwa hiyo anayenunua nyumba hapa hanunui kuta na mabati tu. Ananunua pia mteremko wote ulio juu ya paa lake, pamoja na namna jirani asiyemjua anavyoulima.

Ndiyo maana twashauri ukaguzi uanzie nyuma ya nyumba, kwa kupanda juu. Mnunuzi atembee walau mwendo wa dakika 10 na kutazama. Je, mashina ya miti yameinama kuelekea bondeni na kisha kujipinda kwenda juu? Ardhi hiyo inatambaa polepole. Je, upo ufa katika ardhi wenye umbo la upinde, au chemchemi iliyotokea mahali ambapo wenyeji hawakuijua? Je, nyumba imekaa kwenye mdomo wa korongo ambalo wakati wa kiangazi ni kavu na linaonekana kama njia ya mbuzi? Penye mawe makubwa yaliyotapakaa, aulize yalifikaje pale. Hapa twaomba kuweka neno dogo kwa wapenzi wa mfano wa Injili kuhusu nyumba iliyojengwa juu ya mwamba. Matombo ina miamba mingi, lakini si kila jiwe kubwa ni mwamba. Mengine yalibingirika kutoka juu na yamelala tu juu ya udongo. Mwinjili Luka, katika simulizi yake, anaeleza kwamba yule mjenzi alichimba chini sana hadi akaufikia mwamba. Kazi hiyo ya kuchimba ndiyo tunayoisahau.

Kisha arudi kwenye nyumba yenyewe. Mlimani mjenzi hukata kilima na kuutupa udongo mbele ili apate uwanja tambarare. Nusu ya nyumba hukaa kwenye ardhi ngumu iliyokatwa, na nusu ya mbele hukaa kwenye udongo wa kujaza, ambao hutitia mwaka baada ya mwaka. Dalili yake ni nyufa zinazopanda kama ngazi kwenye pembe za madirisha, na milango inayokwama upande mmoja. Ufa mwembamba wa plasta si wa kutisha. Ule unaopitisha ncha ya kidole, au uliozibwa kwa saruji mbichi na kupakwa rangi wiki ileile ya mauzo, unadai maelezo. Aangalie kama kuta zimefungwa kwa lenta kuzunguka nyumba nzima au juu ya milango tu, kama kenchi zimefungwa imara kwenye kuta, na kama upo mtaro unaoyageuza maji ya mlima kabla hayajagusa ukuta wa nyuma. Fundi mwaminifu asiye rafiki wa muuzaji atayaona haya kwa nusu siku, na ujira wake ni mdogo sana ukilinganishwa na bei ya nyumba. Penye mto, akumbuke pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni; nyumba iliyo ndani ya mpaka huo inaweza siku moja kupigwa alama ya X, hata kama mauziano yalishuhudiwa na watu kumi.

Lakini hekima ya mnunuzi haitoshi, kwa sababu mengi ya haya anayajua muuzaji peke yake. Anajua maji yalipita wapi mwaka ule. Anajua kwa nini kaka yake alihama. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, inapofafanua amri ya saba, inahesabu udanganyifu katika biashara na kazi iliyofanywa vibaya miongoni mwa njia za kutwaa mali ya mwingine isivyo haki. Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, ilimwagiza mwenye kujenga nyumba aweke ukingo kwenye dari, asije akajiletea hatia ya damu mtu akianguka. Anayeficha ufa kwa rangi hawezi kujitetea kwamba mnunuzi alikuwa na macho. Tunalisema hili kwa uzito, kwa kuwa katika jamii zetu udanganyifu wa namna hii huitwa ujanja wa biashara na mara chache hufika kwenye kiti cha maungamo.

Tunatambua pia kwamba ushauri kuhusu miteremko husikilizwa hapa kwa shaka, tena kwa sababu nzuri. Mwaka 1955 wananchi waliandamana hapahapa Matombo kupinga matuta ya ngazi waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni, matuta ambayo kwao yaliwaletea juu udongo usio na rutuba. Wazee walikuwa na ujuzi wa milima yao na hawakuulizwa. Leo mgeni anayenunua nyumba hawaulizi tena wazee hao, naye ndiye anayepata hasara.

Hivyo tunawaomba viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na makatekista, ambao mara kwa mara huitwa kuwa mashahidi wa mauziano, wasitie sahihi kabla ya kupanda na mnunuzi hadi juu ya nyumba, wakiwa na mzee mmoja wa ukoo wa mahali hapo, ikiwezekana siku ya mvua. Na kwa wale ambao wamekwisha kununua na hawana pa kwenda, Jumuiya inaweza kuchimba pamoja nao mtaro wa juu katika Jumamosi mbili, kabla ya mwezi Machi, na kukubaliana mapema ni nyumba ya nani watakayolala watoto usiku ambao mvua haikatiki.