Kuijua London kwa Miguu

Kila mwaka vijana wa Kenya na wa nchi jirani huenda kukaa London, wengine kwa masomo, wengine kuuguza wagonjwa hospitalini, wengine kwa kazi nyinginezo. Mtu angedhani kwamba akaaye katika jiji hilo mwaka mzima atarudi kwao amejaa habari zake. Haiwi hivyo sikuzote. Wako wakaao muda mrefu wasijue ila njia ya kutoka chumbani kwenda kazini, na sababu yake si uvivu. Kodi ya chumba hula sehemu kubwa ya mshahara, wazee nyumbani wanangoja chao, na kila mahali palipotajwa katika vitabu vya wageni huonekana pana mlango na mtu wa kukata tikiti. Tena baridi humfungia mtu ndani. Katika Desemba jua huchomoza saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi alasiri. Mtu aliyezaliwa karibu na ikweta, aliyezoea usiku na mchana kuwa sawa, huona kama ameibiwa nusu ya siku.

Hata hivyo, mengi yaliyo bora London hayauzwi kwa tikiti, na mwenye viatu imara atayaona. Kwanza ajihadhari na ramani. Treni za chini ya ardhi za London, zilizotangulia nyingine zote duniani, zilianza mwaka 1863. Lakini ramani yake mashuhuri ni kazi ya Harry Beck, nayo ilitolewa mwaka 1933. Beck, aliyekuwa mchoraji wa michoro ya kihandisi, alifikiri kwamba abiria aliye chini ya ardhi hana haja ya kujua umbali. Haja yake ni kujua abadili treni wapi. Basi akainyosha mistari, akaziachanisha stesheni zilizosongamana katikati ya jiji, na zile za mbali akazivuta karibu. Ni kazi ya akili sana, lakini humdanganya mgeni. Kutoka Leicester Square mpaka Covent Garden hakufiki mita 300. Mgeni hulipa nauli, hushuka chini, hungoja treni, kisha akifika Covent Garden na kuiacha lifti hupanda ngazi 193, na kumbe mwenzake aliyekwenda kwa miguu amekwisha kaa akimngoja.

Kama ni lazima kupanda chombo, basi jekundu la orofa mbili humfundisha mtu zaidi kuliko treni, maana kutoka kiti cha mbele orofani huona jinsi mtaa mmoja unavyoungana na mwingine. Tangu mwaka 2014 mabasi hayo hayapokei fedha taslimu. Hulipwa kwa kadi, na tangu mwaka 2016 mtu aliyelipa nauli moja huweza kubadili basi bila kulipa tena katika muda wa saa moja.

Jambo moja humwumiza mgeni kuliko baridi: watu hawaamkiani ndani ya treni. Wengi hudhani wamechukiwa. Sivyo, ndiyo desturi ya huko, nao wenyeji hawaamkiani wao kwa wao. Mtu yule yule aliyenyamaza akiulizwa njia aghalabu husimama na kueleza vizuri.

Mahali pazuri pa kuanzia ni mto Thames. Mtu na aanzie daraja la Westminster, ashike ukingo wa kusini mpaka Tower Bridge. Ni mwendo usiofika maili tatu. Ng'ambo ataliona jengo la Bunge na mnara wa saa, ambao watu huuita Big Ben ingawa hilo ni jina la kengele kubwa iliyomo. Mbele kidogo ataona kuba la Kanisa Kuu la St Paul's, alilolijenga Christopher Wren baada ya moto mkuu wa mwaka 1666. Mtazamaji hutozwa kiingilio humo, lakini ajaye kwa sala ya jioni hatozwi. Naye akae mpaka sala iishe. Mtu wa Mombasa au Lamu atautambua mto huu mara moja, maana maji yake hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na tofauti yake huweza kufika mita 7. Tower Bridge, iliyofunguliwa mwaka 1894, bado huinua barabara yake meli kubwa ipitapo, na magari yote husimama kuingoja.

Siku ya mvua iwe ya makumbusho. British Museum halitozi kiingilio kwa vitu vyake vya daima. Humo limo jiwe lililochongwa makali, lililotoka Olduvai, Tanzania, ambalo umri wake hukaribia miaka milioni mbili. Yamo pia mabamba ya shaba ya Benin, ambayo askari wa Kiingereza waliyachukua mwaka 1897 walipouteka mji ule. Nigeria imeyadai, lakini sheria ya mwaka 1963 yawabana sana wadhamini wa jumba hilo wasitoe vitu vyake. Mwafrika hapiti mbele ya kabati lile kwa haraka.

Pako tena mahali ambapo vitabu vingi vya wageni havipataji. Karibu na stesheni ya Victoria, katika mtaa wa Pimlico, pana Cambridge Street, na nyumba namba 95 ina kibao cha duara cha rangi ya buluu. Jomo Kenyatta alikaa humo tangu 1933 mpaka 1937, mpangaji asiye na fedha nyingi. Katika miaka hiyo alisoma kwa Bronisław Malinowski katika London School of Economics, na masomo hayo yakazaa kitabu chake juu ya mila za Wakikuyu, Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938. Nyumba yenyewe haina makuu, imeungana na jirani zake kama nyumba nyingine za mtaa ule. Hakuna tikiti, kibao husomwa kutoka barabarani.