MRI YA MUHIMBILI: MASHINE KUWAKA HAITOSHI

Novemba 9, 2015, siku nne tu baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli aliingia Muhimbili bila hodi. Akakuta MRI na CT-Scan hazifanyi kazi, wagonjwa wamelala sakafuni. Bodi ikavunjwa, kaimu mkurugenzi akaondolewa. Wananchi walishangilia, na walikuwa na haki.

Lakini kuna swali ambalo vigogo hawalipendi, maana halina picha ya kuonyesha kwenye televisheni. Mashine ikishawaka, inapima nini?

MRI si kamera ya studio za Kariakoo, kwamba ubonyeze kitufe basi. Inatumia sumaku na mawimbi ya redio, na kabla mgonjwa hajaingizwa lazima mtu awe ameamua zipigwe picha za aina gani, ngapi, na kwa unene wa milimita ngapi. Mpango huo ndio protokali. Katika picha ya T1 mafuta hung'aa. Katika T2 maji hung'aa. Kiharusi kilichoanza saa chache zilizopita huonekana kwa picha ya difyusheni, nayo huchukua dakika moja au mbili. Kila picha isiyo ya lazima hurefusha foleni, na foleni ni ya mlalahoi. Mkubwa ana ndege ya kwenda India.

Blantyre, Malawi, walipata MRI mwaka 2008, ndogo ya tesla 0.35, wakati hospitali nyingi za Ulaya zinatumia 1.5 au 3. Lakini walijua wanachokitafuta: ubongo wa mtoto ambaye malaria imempanda kichwani. Mwaka 2015, wakishirikiana na Wamarekani, walitangaza kuwa kati ya watoto 168 waliopimwa, 25 walifariki, na 21 kati ya hao ubongo ulikuwa umevimba vibaya.

Kwetu serikali hupenda kuhesabu mashine. Mashine hizi huja na protokali za kiwandani. Waziri wa Afya atueleze, hospitali kwa hospitali: nani amezipitia? Mgonjwa wa kiharusi anayeletwa usiku kutoka Gerezani ana protokali fupi ya dharura, au anasubiri ile ndefu? Na kifua kikuu cha uti wa mgongo je? MUHAS iko palepale Upanga na inafundisha madaktari wa mionzi. Wapewe kazi hiyo kwa maandishi, na saa za kuifanya.