Silikanti wa Tanga na Nafasi ya Wanasayansi katika Kuishauri Serikali

Na Mwandishi Wetu, Tanga

Samaki aina ya silikanti alidhaniwa kuwa alitoweka tangu enzi za dinosaria, hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Hapa nchini alianza kunaswa mwaka 2003, na muda mfupi baadaye wavuvi wa Tanga wakawa wanamkuta katika majarife, nyavu za papa zinazotegwa kwenye kina kirefu. Mwaka 2009 Serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga.

Kwa mkazi wa Chumbageni anayenunua kitoweo sokoni, historia hiyo inaonesha njia ambayo ushauri wa kisayansi hupitia. Mvuvi hutoa taarifa, mtafiti huithibitisha, kisha chombo cha ushauri hupima ushahidi na kuufikisha kwa mwenye mamlaka ya kuamua.

Kisheria, jukumu la kuishauri Serikali kuhusu sayansi na teknolojia ni la Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986. Kando yake ipo Akademia ya Sayansi Tanzania (TAAS). Tume ni chombo cha Serikali. Akademia ni jumuiya ya wanasayansi, na heshima yake hutegemea uhuru wa kueleza ushahidi ulivyo, hata usipopendeza.

Ushauri huo hauwezi kuishia mpakani, kwa kuwa silikanti amepatikana pia Komoro na Msumbiji. Kenya ina akademia yake tangu mwaka 1983 na Uganda tangu mwaka 2000. Mwaka 2001 akademia za bara hili ziliunda mtandao wao, NASAC, wenye makao Nairobi. Kwa ushirikiano wa namna hiyo, wataalamu wa nchi kadhaa huweza kuandaa taarifa moja, kila akademia ikaiwasilisha kwa serikali yake.

Hata hivyo, ushauri si uamuzi. Sayansi inaweza kuthibitisha kuwa jarife la kina kirefu linamhatarisha silikanti. Haiwezi peke yake kuamua familia ya mvuvi itaishi kwa kipato gani nyavu hizo zikiondolewa. Hilo ni jukumu la Serikali pamoja na wananchi. Ndiyo maana tangazo la katazo lolote baharini linapaswa kuambatana na sababu zake, kwa Kiswahili kinachoeleweka, pamoja na njia mbadala. Mvuvi aliyetoa taarifa ya kwanza anastahili pia kupata majibu.