DADA ZETU WA MJENGO WALIPWE KAMA MAFUNDI



Kila siku alfajiri watu wa Kawangware hutembea kwa miguu kwenda Lavington, Kileleshwa na Kilimani kutafuta kibarua cha mjengo, na wenzao wa Kibera hufuata njia ya reli kuelekea Industrial Area. Zamani mwanamke akionekana kwenye mjengo alikuwa wa kuchota maji, kubeba kokoto, au kuuza chai langoni. Siku hizi wamo wasichana waendao na mwiko, pima maji na randa zao wenyewe. Wengine wametoka vyuo vya ufundi. Wengine wamefundishwa na shirika la Buildher, ambalo huchukua wanawake wa mitaa kama yetu na kuwapa useremala na kazi nyingine za ujenzi. Na wengine wanajifunza papo hapo kazini, nyuma ya fundi.

Jambo hili limezua maneno. Wako wanachama wasemao: "Kazi yenyewe haitutoshi sisi wanaume, itakuwaje wakiongezeka na wanawake?" Hatuwadharau wasemao hivyo, kwa maana tunajua kodi ya nyumba haingoji mtu. Lakini neno hilo na tulipime kwa timazi tuone kama limesimama wima.

Tuseme yuko fundi wa vigae alipwaye shilingi 1,500 kwa siku. Anakuja msichana aijuaye kazi ile ile, na nyapara anamwambia, "Wewe ni msaidizi tu, chukua 700." Sakafu ni moja, vigae ni vile vile. Je, wiki ya pili tajiri atamwita nani? Na yule fundi mwanamume akiuliza, ataambiwa ashuke au aende zake. Basi kilichomwondoa si msichana, ni ile 700. Mwanamke akilipwa sawasawa na ufundi wake, tajiri hatapata njia ya kumtumia ili kutuvunja sisi.

Wazee wetu wa vyama waliijua hila hii. Tume ya Holmes ya mwaka 1948 ilikubali kwamba mtumishi wa serikali asiye Mzungu alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu. Ilipofika 1954, Tume ya Lidbury ikapendekeza mishahara isipangwe tena kwa rangi ya mtu. Tulioikataa tatu ya tano kwa rangi, hatuwezi kuikubali kwa dada zetu.

Tena sheria iko upande wetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, yasema kazi zenye thamani sawa zilipwe sawa. Kifungu cha 6 chamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi aandike kanuni za kuzuia udhalimu wa kijinsia, baada ya kushauriana na wafanyakazi au wajumbe wao. Kifungu cha 37 chasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa wa kutwa. Na sheria ya usalama kazini, ya mwaka ule ule, yataka vyoo vya wanawake viwe mbali na vya wanaume. Ni mijengo mingapi mwijuayo ambako haya yanafuatwa? Binti anayejizuia kunywa maji mchana kutwa kwa kuwa hana pa kujistiri, huyo hafanyi kazi, anaugua polepole.

Sasa tuseme juu ya uanagenzi wenyewe. Mwanagenzi si mtu wa kubebeshwa karai miaka mitatu huku akiambiwa "utajifunza baadaye." Mkataba wa uanagenzi huandikwa na kusajiliwa na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Mitihani yake ya ufundi ina daraja tatu: ya tatu ndiyo ya kuanzia, ya kwanza ndiyo ya juu. Hata aliyejifunza kazini bila kuingia darasani aweza kuufanya. Karatasi hiyo ndiyo inayomtoa msichana katika jina la "msaidizi," maana nyapara aweza kubishana na maneno yake lakini si na cheti.

Na matajiri wasituambie hawana fedha za kufundisha. Kila mwajiri hutakiwa kulipa NITA shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Mjengo wenye watu 40 ni shilingi 24,000 kwa mwaka. Mwajiri aliyelipa na akafundisha kwa idhini ya NITA aweza kuomba arudishiwe sehemu ya gharama. Fedha hizo zinatoka katika jasho la mjengo, na zirudi mjengoni.

Kwa hiyo twataka mambo manne. Kwanza, kila mjumbe wetu mjengoni aandike majina ya wanagenzi, wanawake kwa wanaume, aulize ni nani mwenye mkataba. Pili, palipo na fundi mwanamke, mshahara wake utajwe pamoja na wetu katika mapatano, si kando. Tatu, choo na mahali pa kubadilisha nguo pawe dai la wote, si la wanawake peke yao. Nne, mafundi wenye ujuzi wafundishe bila kuficha. Fundi afichaye ufundi wake hauongezi, anazeeka nao tu.

Nanyi dada zetu wa Kibera, Kawangware na kwingineko: cheti peke yake hakimzuii nyapara kukufukuza Jumamosi jioni. Njoni chamani, mlipe ada, mhudhurie mikutano, msimame kugombea ujumbe. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nyumba nyingi zinajengwa Nairobi hivi sasa, na kuanzia mwaka 2024 sheria ya nyumba za bei nafuu inamkata mfanyakazi asilimia moja na nusu ya mshahara wake kwa ajili hiyo. Mama wa Kibera auzaye kahawa kiwandani kwa mshahara hukatwa pia. Ikiwa fedha ni zetu, basi na binti yake apewe nafasi ya kujenga, na alipwe haki yake.