Jua la Manika halifuati saa ya Kinshasa

Mtu wa Manika akiweka programu ya saa za sala kwenye telefone yake, mara nyingine swali la kwanza analoulizwa ni nchi. Anachagua Kongo, na programu inampeleka Kinshasa. Hapo ndipo kufunga kunaanza kuharibika, tena kwa mtu aliyefunga kwa nia safi.

Kongo ina saa mbili. Kinshasa, Kongo Central, Kwilu, Équateur na majirani wao wako saa moja mbele ya saa ya dunia, ile UTC. Lualaba, Haut-Katanga, Kasai zote, Maniema na Kivu ziko saa mbili mbele. Hilo kila mtu analijua, anayesafiri na asiyesafiri. Wengi wanalosahau ni kwamba jua halijui mipaka ya majimbo. Linakwenda digrii moja kwa dakika 4, basi.

Kolwezi iko karibu digrii 25.5 mashariki. Kwa wastani jua linafika katikati ya anga saa 12h18. Kinshasa, kwa saa yao, ni 11h59. Kwa hiyo anayefuata ratiba ya Kinshasa jinsi ilivyo anafuturu kama dakika 19 kabla ya jua kuzama Manika. Mjanja anasema: ongeza saa moja. Akiongeza, anachelewa dakika 41! Jioni atakaa na njaa bure, lakini alfajiri ni mbaya zaidi: atakuwa bado anakula wakati kumeshapambazuka. Kuna na kosa la tatu, programu inayojua mahali ni Kolwezi lakini inaandika kwa saa ya Kinshasa. Hapo ni saa nzima. Hilo angalau linaonekana kwa macho, labda mawingu ya mvua yawe yamefunika.

Familia zilizokimbia vita huko Kivu ndizo zina mtego mgumu kuliko wote. Goma na Kolwezi zina saa moja, kwa hiyo telefone haionyeshi kosa lolote. Lakini Goma iko mashariki zaidi, na jua linaitangulia Kolwezi kwa dakika 15 hivi. Mama aliyefika na telefone iliyobaki na mahali pa Goma, aliyezima GPS ili kutunza batri, anafungulia watoto wake saumu mapema kila jioni, na hakuna wa kumshtua. Saa ni ileile, jua ni lingine.

Lawama si ya huyo mama. Ni ya wanaotengeneza programu na kudhani nchi moja ni saa moja. Hesabu ya jua inataka vitu vitatu: mahali, tarehe, na saa ya UTC. Saa ya ukutani inaongezwa mwisho kabisa, na kwa Lualaba jina lake kwenye orodha ni Africa/Lubumbashi. Programu isiyouliza mji isitoe jibu. Na redio za hapa, ambazo watu wasio na telefone wanazitegemea, zisisome ratiba iliyokuja kutoka mji mwingine. Kuhesabu ya Kolwezi yenyewe ni kazi ya dakika chache kwa kijana mwenye kompyuta: 10.7 kusini, 25.5 mashariki, basi.

Anayetaka kuhakikisha asingoje mtu. Katikati ya mwezi wa 6, anga likiwa wazi, asimike fimbo iliyonyooka uwanjani na kuweka alama kwenye ncha ya kivuli kila dakika 5, kuanzia saa 12h00. Kivuli kifupi kuliko vyote kitakuja karibu na 12h18. Kama programu yake inasema 11h18, 11h59 au 12h59, airudishe kwa aliyemwekea.