Hesabu Taa Zako Kabla ya Kununua Sola



Majira ya bonasi ya majani chai yakikaribia, maduka ya Kericho, Litein, Sotik na Bomet hupanga paneli za sola mlangoni. Nawe mkulima wa skimu, ambaye waya za stima hazijafika bomani kwako, husimama hapo ukauliza, "Hii kubwa ni pesa ngapi?" Kwa maoni yangu swali hilo ni la mwisho, wala si la kwanza. Ukitaka mbolea huulizi mfuko mkubwa ni upi. Wahesabu miti ya chai uliyo nayo, ndipo ukaandikisha mifuko. Kwa nini basi sola inunuliwe kwa macho?

Mimi mwenyewe nilinunua kwa macho. Mwaka 2019 nilipeleka nyumbani kwa baba, katika skimu upande wa Sotik, paneli ya wati 200, betri kuukuu ya gari, na inverta yenye vitaa vya rangi. Januari kila kitu kiliwaka, na majirani wakaja kutazama televisheni. Julai ukungu ukalala juu ya majani chai siku tatu mfululizo, betri ikazimika usiku wa pili, na kabla ya Septemba ilikuwa haifai ila kuzuia mlango usipigwe na upepo. Dada yangu mdogo alikuwa darasa la nane mwaka ule. Alisomea mtihani wake kwa koroboi, na paneli yangu kubwa ikimeremeta juu ya mabati. Nami nilifunzwa ualimu kabla ya kuwa karani wa afisi ya ukulima. Hesabu hizi nilizijua!

Hesabu yenyewe ni hii. Kila chombo kimeandikwa wati zake, nyuma au chini. Zidisha wati hizo kwa saa utakazokitumia kwa siku, nawe utapata wati-saa. Tuseme una taa 3 za wati 5, zinazowaka saa 4 kila jioni: hizo ni 60. Redio ya wati 5 kwa saa 6 ni 30. Simu 3, kila moja kama 10, ni 30. Televisheni ndogo ya volti 12 inayokula wati 20, pamoja na king'amuzi cha wati 10, kwa saa 4, ni 120. Jumla ni 240. Lakini waya na betri nazo hula kidogo njiani, kwa hiyo ongeza robo, ziwe 300.

Sasa jua. Paneli hutoa wati zake zote wakati wa jua kali tu. Kwetu, siku njema, jua la kutwa nzima ni kama saa 5 za jua kali. Lakini usihesabu siku njema, hesabu siku za ukungu, useme saa 3. Gawanya 300 kwa 3, wapata paneli ya wati 100. Waona kwamba paneli yangu ya 200 ilikuwa mara mbili ya iliyohitajiwa, na fedha zilizozidi ndizo zilizokosekana katika betri.

Maana betri ndiyo ghala. Hapana budi iweze kukulisha siku mbili bila jua, yaani wati-saa 600. Betri ya risasi haipendi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo zidisha mara mbili, ziwe 1,200. Gawanya kwa volti 12, wapata ampea-saa 100. Ile ya lithiamu hustahimili kushuka zaidi, nayo yatosha ikiwa ya ampea-saa 60 na kitu. Betri ya gari iache garini. Imeundwa kuwasha injini kwa nguvu nyingi za dakika moja, si kukamuliwa polepole kila usiku.

Na inverta? Hapa ndipo wengi wetu tunapoibiwa bila kujua. Inverta inayokula wati 10 hata kama haikuunganishwa na kitu, ikiachwa wazi saa 24, imekula 240: sawasawa na nyumba yote tuliyoihesabu! Nunua taa na televisheni za volti 12, uachane nayo.

Paneli iwekwe mbali na kivuli cha mikaratusi, iinamishwe kidogo tu ili mvua iioshe, na uso wake uelekee mashariki, kwa kuwa kwetu asubuhi huwa na jua na alasiri huleta mawingu na mvua ya mawe. Waya kutoka paneli hadi betri uwe mfupi na mnene. Waya wa 1.5 ukienda mita 10 hupoteza zaidi ya volti moja nzima. Chukua wa 4.

Wako wanaosema mambo haya ni ya wasomi, mkulima angoje stima. Sikubali. Mwaka 1984 shule ya harambee ya Karamugi, upande wa Meru, ililinganisha gharama ya jenereta na ya sola, ikachagua sola, na mafundi wa huko huko wakafunzwa kazi. Mwaka 2012 kampuni ya M-Kopa ilianza kuuza sola kwa malipo ya kidogo kidogo kwa M-Pesa. Kukopa si vibaya, lakini lipia mkopo wa wati ulizozihesabu, si wa televisheni ya jirani.

Ukiisha andika hesabu yako katika karatasi, mpe fundi aisome kabla hajapanda juu ya mabati, na umwombe akuonyeshe leseni yake ya EPRA, kwa kuwa tangu kanuni za 2012 fundi wa sola anatakiwa awe na leseni. Akikuambia karatasi si lazima, mpe chai, umshukuru, umtafute mwingine.